Kabla hatujapaka rangi fremu yako ya miaka ya 1990

Mteja mmoja alituletea fremu ya baiskeli, ya alumini, yenye shokapu ya nyuma, aliyoipata kwenye mzigo wa mitumba. Alitaka rangi nyekundu tu, basi. Tukamwomba tuifute kwanza. Kitambaa kilipofika pale mkono wa nyuma, ule unaoshika gurudumu, unapoungana na fremu, kando ya welidi ukatokea mstari mweusi mwembamba kama unywele. Huo ulikuwa ufa, na rangi ingeufunika hadi siku ya kukatikia mteremkoni.

Ndiyo maana hapa kwetu kazi huanza kwa kuitambua fremu. Stika mara nyingi zimeshabanduka, lakini umbo halidanganyi. Tazama ekseli inayounganisha mikono miwili ya pedeli. Ikiwa imekaa kwenye ule mkono unaocheza pamoja na gurudumu la nyuma, kama kwenye Trek za umbo la Y au Klein Mantra, ukikaa kitini shokapu inacheza, ukisimama juu ya pedeli inakakamaa. Ndivyo zilivyoundwa. Inatuuma kuona watu wananunua shokapu mpya wakidhani ya zamani imekufa, kumbe ni nzima.

Ukiona ungio dogo kwenye bomba la chini la nyuma, mbele kidogo ya ekseli ya gurudumu na chini yake, huo ni ubunifu wa Horst Leitner wa kampuni ya AMP Research, California. Watengenezaji wa baiskeli Specialized waliutumia kwenye modeli zao za FSR, na mwaka 1998 wakanunua hataza yake.

Kuhusu umri, geuza mkono wa pedeli wa Shimano utazame upande wa ndani. Kuna herufi mbili: ya kwanza mwaka, kuanzia A ya 1976, na ya pili mwezi. TC ni Machi 1995. Ila hiyo ni tarehe ya kifaa chenyewe, na huenda kilishabadilishwa.

Jaribio moja unaweza kulifanya nyumbani. Fungua bolti za shokapu, uitoe, kisha inua na kushusha mkono wa nyuma taratibu. Unatakiwa kwenda laini bila kukwama. Halafu ushike uutikise kulia na kushoto. Ukicheza kwa kando, bushi au beringi zimeisha, na hizo ndizo za kugharamia kwanza. Ukiendelea kuendesha hivyo, matundu ya fremu yatapanuka, na hapo bushi mpya hazitakaa tena.

Usinunue shokapu kwa kukadiria kwa macho. Pima katikati ya tundu la bolti hadi katikati ya tundu la pili, na ujue inabonyea kiasi gani. Ya 190 mm haiwezi kukaa mahali pa ya 165 mm. Ukiilazimisha, pembe zote za baiskeli zitabadilika.

Ufa wa alumini hatuuchomelei. Moto wa welidi hulegeza alumini iliyokwishakomazwa kiwandani, na bila kuikomaza upya itapasuka pembeni ya pale pale. Tutakueleza hivyo hata kama umetoka mbali.

Nguzo ya kiti ipake grisi, uitoe mara kwa mara isigande. Maji ya presha yasielekezwe kwenye maungio. Na ukija, njoo na shokapu ya zamani hata kama imekufa, pamoja na vile vipande vidogo vya pembeni yake. Vipimo vyetu tunavitoa hapo.