Kwa vijana wa barazani petu, Wete, Pemba

Assalaamu alaykum wanangu,

Jana baada ya magharibi nilipita barazani. Mlikuwa mkisema Muungano uvunjwe. Hilo halikunishitua, nalisikia tangu ndevu zangu nyeusi. Kilichonisimamisha ni mmoja wenu aliyesema, "Machogo warudi kwao," yaani watu wa Bara, na nyote mkacheka. Yule kijana wa Bara wa bodaboda alikuwapo, amekaa juu ya pikipiki yake akingoja abiria. Akajitia kuchezea simu.

Hoja yenu naijua. Hati za Muungano za Aprili 1964 zilitaja mambo 11 ya kushikwa na Serikali ya Muungano. Leo orodha katika Katiba imefika 22. Mzee Aboud Jumbe, Rais wa Zanzibar, alilazimika kujiuzulu Januari 1984 kwa kutaka serikali tatu: ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano. Miaka 30 baadaye tume ya katiba ya Jaji Warioba ikapendekeza serikali tatu hizo hizo, na Bunge Maalum la Katiba likaziondoa. Na mwaka 2010 sisi wenyewe tuliandika katika katiba yetu kwamba Zanzibar ni nchi. Basi ulizeni mamlaka yetu yanaishia wapi. Hata mimi nauliza.

Lakini katika mafuta na gesi, kodi, bandari na mikopo ya nje, chogo la mtu limeingiaje?

Mimi zama za siasa zilinikuta mtoto wa chuo cha Kurani. Mwaka 1957 Zanzibar ilipiga kura mara ya kwanza, na haukupita muda watu wakaanza kuulizana asili: huyu Mwarabu, huyu Mshirazi, yule wa Bara. Duka la mtu wa chama kile halinunuliwi. Maiti ya jirani haizikwi. Ndoa zilivunjika kwa kura, wallahi, nawajua watu. Juni 1961, katika ghasia za uchaguzi Unguja, waliuawa watu 68. Hapo Mapinduzi bado.

Neno lile halilali likishamfukuza Mbara. Litarudi kuuliza nani Muunguja, nani Mpemba. Na mmeshalisikia likiuliza. Januari 2001, baada ya damu ya waandamanaji kumwagika, nilivuka kwa mashua usiku na wanangu hadi Shimoni, Kenya. Watu wa kule walitupa mkeka na unga. Hakuna aliyeniuliza kabila.

Na nani kati yenu hana ami au mjomba Bara? Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, dukani huitwa "kwa Mpemba". Ada zenu za skuli baadhi zimetoka kwenye makaunta hayo, msinichekee. Wateja wao ni hao hao mnaowaita machogo.

Siku ya kukusanywa maoni ya katiba nitakwenda nanyi, hata kwa mkongojo, na nitasema serikali tatu kwa sauti.

Yule kijana amewabeba miezi mingi, wala jina lake hamlijui. Kesho baada ya isha mkaribisheni kahawa. Kikombe chake nalipa mimi, na haluwa.

Babu yenu,
Limbani