Kwa Zuhura, kuhusu bei ya kile kijaluba

Geoje, Korea Kusini

Mwanangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Natumai hujambo, na mamako, nyanyako na wadogo zako wote hawajambo. Mimi huku ni mzima, ila baridi imeanza kuniingia magotini, na vyakula vyao vya pilipili nimevizoea hadi siku nisipovipata navidai.

Ujumbe wako kuhusu kijaluba nimeusoma. Umenitumia picha mbili, kimoja cha won 18,000 na cha pili kinachokaribia won 600,000, ukauliza: "Baba, vyote si vyeusi, vyote si vina maua ya kumetameta? Pesa zote hizo ni za nini?" Ni swali la haki, na kwa bahati umemuuliza mtu anayelipwa kukagua rangi za meli. Kwa hiyo nitakujibu kwa urefu. Kaa kitako.

Sanaa hiyo wenyewe wanaiita najeonchilgi. Ni kasha, meza au kabati la mbao lililopakwa utomvu wa mti, kisha likapambwa kwa ganda la konokono wa baharini, upande wake wa ndani ule unaocheza buluu, kijani na waridi kila ukiugeuza. Mji unaosifika kwa kazi hiyo ni Tongyeong, na kutoka hapa kisiwani kwetu ni kuvuka daraja tu. Ni mji wa wavuvi na wafugaji wa chaza, lakini ulianza kama kambi ya jeshi. Mwaka 1592 Admeri Yi Sun-sin aliwapiga Wajapani kwenye maji ya kisiwa cha Hansan, mbele kidogo ya hapo, na mwaka 1604 makao makuu ya wanamaji wa mikoa mitatu ya kusini yakahamishiwa Tongyeong. Jeshi lina mahitaji yake: silaha, kofia, pepeo za mkono, vyuma vya makasha. Zikafunguliwa karakana, hadi leo watu wanazitaja kuwa ni kumi na mbili, na mafundi wakahamia na aila zao. Makao yale yalivunjwa mwaka 1895. Askari walikwenda zao, mafundi hawakwenda popote, na maganda yako pale pale baharini.

Sasa tuje kwenye utomvu, maana nusu ya zile pesa zimo humo. Gome la mti huchanjwa majira ya joto, na kinachotoka hukingwa kidogo kidogo. Ukiwa mbichi, ukikugusa unakuwasha na kukutoa malengelenge. Usishangae, mti huo ni wa ukoo mmoja na mwembe na mkorosho. Unakumbuka mjombako alivyobabuka mikono akibangua korosho kule Kilifi? Balaa ni ya jamaa hiyo hiyo. Tena nikwambie la kukuchekesha: vile vijaluba vya bei ya kati mara nyingi havikupakwa utomvu huo kabisa. Vimepakwa rangi iliyotengenezwa kwa mafuta ya ganda la korosho, na Wakorea wanaiita kashyu. Si rangi mbaya. Inang'aa, inakauka upesi, haimwashi fundi. Lakini si kitu kile, na muuza duka mwaminifu atakwambia ukimuuliza.

Mimi utomvu wenyewe ulinishinda akili siku ya kwanza. Kazini kwangu, unyevu wa hewa ukizidi asilimia 85 nasimamisha upakaji. Chuma nacho lazima kiwe na joto la nyuzi 3 zaidi ya pale umande unapoanza kutua, la sivyo rangi itabanduka baharini kabla ya mwaka. Wapakaji hawanipendi kwa sababu hiyo. Basi fundi mmoja wa Tongyeong, mzee anayefanya kazi na mkewe kwenye chumba cha nyuma cha duka lao, akanifungulia kabati lake la kukaushia. Ndani nikakuta mbao zimenyunyiziwa maji na matambara yaliyolowa yametundikwa. Nilidhani ananitania. Kumbe utomvu ule haukauki kwa kutoa maji. Unakakamaa kwa kuvuta oksijeni, na kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo kinataka unyevu, asilimia 70 hadi 80 hivi, na joto la nyuzi 20 na kitu. Hewa ikiwa kavu, unakaa unanata tu. Yaani siku ninazowafukuza wapakaji wangu melini ndizo siku za neema kwa mzee huyu.

Kabla ya ua lolote kubandikwa, ubao una safari ndefu. Viungo vinazibwa. Juu ya mbao kinagandishwa kitambaa cha katani kwa utomvu uliochanganywa na uji mzito wa wali, ili ubao ukitanuka na kusinyaa usipasue rangi. Juu ya kitambaa inakuja lipu ya unga wa udongo na utomvu. Inapigwa msasa. Kisha mkono wa utomvu, kabatini, msasa, mkono mwingine, kabatini tena. Ukikipita kijaluba hatua hiyo utadhani ni kitu kilichosahauliwa, cheusi, hakina hata nukta moja ya pambo, na tayari kimeshakula wiki kadhaa.

Ganda lenyewe husuguliwa hadi liwe jembamba kabisa, halafu kuna njia mbili za kulikata. Ya kwanza ni kwa msumeno mdogo wenye uzi wa chuma, kufuata mchoro: maua ya peoni kwa utajiri, zabibu kwa wanaoombewa watoto wengi, au yale mambo kumi ya umri mrefu wanayoyapenda sana, wakiwamo korongo, kobe, paa, msonobari na jua. Ya pili ndiyo iliyonikalisha pale hadi mkewe akaleta chai. Ganda limekatwa nyuzi nyuzi, kila uzi haufiki milimita moja kwa upana. Mzee anaushika mmoja, anaulamba ili gundi iliyopakwa nyuma yake ilainike, anaulaza juu ya mstari wa penseli, anabana kwa ncha ya kisu, tak, umekatika. Anageuza kidogo, tak. Vipande sita vimefunga umbo la mgongo wa kobe. Anaanza la pili linaloegemea la kwanza. Upande mmoja wa mfuniko ulikuwa na maumbo hayo mamia, na hakuwa na rula mkononi.

Halafu anafanya jambo litakalokuuma roho. Anachukua brashi na kukifunika chote kwa utomvu mweusi, maua, kobe na korongo, vyote. Havionekani tena. Anakirudisha kabatini, anakitoa, anafunika tena, mpaka utomvu ulingane na unene wa ganda. Ndipo anapoanza kufukua: kwanza kwa kisu, taratibu, akikwangua juu ya kila kipande, kisha kwa mkaa na maji. Akizidisha mkono anachana ganda. Akipunguza, ua linabaki na ukungu. Wewe mwenye mkono wa hina huhitaji kuelezwa, maana bibi harusi akikaa na lile tope jeusi hadi kwenye viwiko, aliyechora ndiye pekee anayejua chini yake kuna nini.

Kwa hiyo kama ulikuwa na picha tu, tofauti hukuweza kuiona. Ungekuwa dukani ningekwambia ufumbe macho, upitishe ukucha juu ya mfuniko. Kwenye kile cha won 600,000 ukucha hauhisi kitu, toka utomvu hadi ganda hadi utomvu, kama hakuna mpaka. Kwenye kile cha 18,000 ama ukucha unakwama ukingoni mwa ua, ama unateleza juu ya plastiki nene iliyomwagwa kufunika karatasi ya ganda la kiwandani. Mimi rangi ya namna hiyo nisingeitilia sahihi.

Na hii tabia ya kuficha pambo kisha kulitoa hawakuwa nayo mafundi wa mbao peke yao. Enzi ya Goryeo, ufalme wa zamani wa Korea, kuanzia mwaka 918 hadi 1392, wafinyanzi wao walikuwa wakichimba mchoro kwenye udongo kabla haujakauka sawasawa, wakaujaza udongo mweupe na mwekundu, wakakwangua juu mpaka kubaki usawa, wakachoma, wakapaka maji ya kioo yenye chuma kidogo ndani yake, wakachoma tena kwenye tanuri lililobanwa hewa. Kule ndani chuma kinageuka kijani cha bahari ya asubuhi, udongo mweupe unabaki mweupe, na ule mwekundu unatoka mweusi. Mfinyanzi haoni hata kimoja hadi tanuri lipoe. Mwaka 1123 alifika mjumbe wa Uchina, Xu Jing, akaandika kwa kusifu rangi ya vyombo vile, na kazi ya ganda nayo akaisema kuwa ni ya uangalifu na ya kuthaminiwa. Na Mchina wa zama hizo hakuwa mwepesi wa kusifu vyombo vya watu.

Kuna gudulia moja la namna hiyo, limejaa korongo na mawingu. Korongo walio ndani ya duara wanapaa, walio nje wanashuka. Mwaka 1935, Korea ikiwa chini ya Wajapani, kijana tajiri wa Seoul aitwaye Jeon Hyeong-pil, hajafika hata miaka 30, alilinunua kwa muuzaji wa Kijapani kwa won 20,000. Pesa hiyo wakati ule ingenunua nyumba 20 nzuri mjini. Watu walimwona ana wazimu. Gudulia liko Seoul hadi leo, kwenye jumba la makumbusho la Kansong alilolianzisha yeye.

Lakini hadithi ya wadogo zako ni hii, wasomee. Mwaka 2007, pwani ya Taean upande wa magharibi, mvuvi alivuta kamba yake ya kunasia pweza wadogo. Pweza hao hujificha ndani ya magamba matupu, kisha huvuta kitu chochote kilicho karibu wakaziba mlango. Mmoja alikuwa ameziba kwa sahani ya kijani. Mvuvi akatoa taarifa, wapiga mbizi wakashuka, wakakuta jahazi la enzi ya Goryeo lililozama na shehena ya vyombo zaidi ya 20,000, vimepangwa safu kwa safu, na vipande vya mbao vilivyoandikwa vimetoka wapi na vinapelekwa kwa nani: kutoka matanuri ya Gangjin kusini kwenda mji mkuu. Havikufika. Kaka yako mdogo atauliza pweza alilipwa nini, mwambie aliliwa.

Baada ya Goryeo mambo yakageuka, wakubwa wa Joseon, ufalme uliofuata, wakapenda vyeupe vitupu. Magudulia yao ya mviringo, yaliyounganishwa kwa mabakuli mawili na kupinda kidogo kiunoni, watu wanayapigia foleni makumbusho. Mimi niliyapita. Mamako angeyapenda.

Usidhani Wakorea wenyewe walikuwa wakiithamini kazi hii ya ganda siku zote. Miaka ya 1970 kabati kubwa la najeonchilgi lilikuwa ndoto ya kila mama mwenye nyumba. Watu walipohamia kwenye maghorofa yenye makabati yaliyojengewa ukutani, yale ya najeonchilgi yakaonekana ni ya kizee, mengine yakaachwa barabarani na karatasi ya manispaa ya kuchukuliwa na gari la taka. Mzee alinisimulia hayo bila uchungu wowote. Sasa, anasema, vijana wanayatafuta, wanakata milango yake na kuifanya meza za kahawa. Ana oda za vifuniko vya simu.

Jingine utakalolipenda. Wasichana wa huku huponda maua ya bongseonhwa na majani yake pamoja na shabu, wakaweka juu ya kucha, wakafunga kwa jani na uzi, wakalala nayo. Asubuhi kucha zinatoka rangi ya chungwa. Wanasema rangi ikidumu hadi theluji ya kwanza, mpenzi wa kwanza unampata. Hiyo sehemu ya pili usiifanyie utafiti kabla hujamaliza shule.

Basi uamuzi wangu ni huu. Cha won 18,000 sinunui, na cha 600,000 siwezi mpaka mkataba wa meli hii uishe. Mzee ana kimoja kidogo cha pete, utomvu wa kweli, chote cheusi, na korongo mmoja tu pembeni ya mfuniko. Ameniwekea. Kikifika, usikianike juani wala usikisugue kwa sabuni, kitambaa laini kinatosha, na hewa ya Mombasa kitaipenda kuliko sisi.

Wewe nitumie zile picha za hina ya arusi ya shangazi yako, viganja na migongo ya mikono, zisiwe na giza. Nilimwambia mzee kuwa binti yangu naye huchora bila rula, hakuniamini. Nataka nimwonyeshe Jumamosi.

Nisalimie wote, na nyanyako umwombe dua zake.

Ni mimi babako