Barbera ya majira ya baridi: barua kutoka Torino

Torino, 26 Januari 2025

Kaka,

Shikamoo. Salamu nyingi kwako, kwa wifi na watoto, na kwa Mama hapo Hombolo. Mimi ni mzima, ila baridi imetushika. Asubuhi ni nyuzi 2 chini ya sifuri na ukungu unalala juu ya mto Po mpaka karibu saa tano.

Uliniuliza kwenye simu kama ni kweli Wataliano wanakunywa mvinyo kila siku na bado wanaamkia kazini. Nikasema nitakuandikia, kwa sababu jambo hili halitoshi kwenye vocha ya dakika tano.

Jumamosi tulialikwa kwa mzee mmoja aliyestaafu kiwanda cha magari. Yeye na mkewe wametufanya watoto wao, mimi na dada wa Kisenegali ninayefanya naye kazi hospitalini. Dada ni Mwislamu. Aliwekewa juisi ya tufaa na hakuna aliyemsumbua kwa maneno.

Chakula kilikuwa bagna cauda, ambacho watu wa Piemonte, mkoa huu wa Torino, hula hasa majira ya baridi. Unachukua kitunguu saumu, karibu kichwa kizima kwa kila mlaji, unakipika kwa moto mdogo sana ndani ya mafuta ya zeituni pamoja na samaki wadogo wa chumvi, mpaka vyote viyeyuke viwe rojo la kahawia. Kila mtu anapewa kibakuli chake cha udongo chenye mshumaa chini yake, rojo lisipoe. Kisha mnachovya: hoho za kuchoma, kabichi mbichi, na mboga inayoitwa cardo, ambayo wakulima wa Nizza Monferrato wanaiinamisha ikiwa shambani na kuifukia udongo ili iwe nyeupe na laini. Kipande cha mkate unakikinga chini ya mkono, mafuta yasidondoke. Rojo likibaki kidogo, mama mwenye nyumba anakuvunjia yai humo humo.

Na mvinyo ulikuwa Barbera d'Asti. Huu ndio ninaoupenda kuliko yote, Kaka. Una rangi nzito ya zambarau, na una uchachu, lakini haukaushi ulimi kama Barolo, mvinyo mwingine mwekundu wa Piemonte, ambayo bado changa. Uchachu huo ndio unaokata mafuta na kitunguu saumu, ukarudi kuchovya ukiwa na hamu ileile. Mzee aliutoa stoo mapema na kuuacha jikoni, mbali na jiko, upungue ubaridi.

Barolo ndiyo inayosifiwa duniani, na inastahili. Lakini Barbera ndio uliokuwa mezani kwa wakulima wenyewe. Mwaka 1986 watu zaidi ya 20 walikufa nchini Italia kwa mvinyo uliotiwa methanoli, aina ya pombe yenye sumu, na jina la Barbera likachafuka nalo. Mzee anakumbuka majirani walivyoogopa kununua. Wakulima waaminifu walipunguza mazao kwenye kila mzabibu, wakasafisha vyombo, wakavumilia. Tangu 2008 Barbera d'Asti ina daraja la juu kabisa katika sheria ya mvinyo ya Italia. Habari hiyo alinisimulia kwa fahari, na mimi nilifurahi pamoja naye.

Kesho yake alitupeleka kwa shemeji yake mwenye shamba. Mizabibu imesimama mitupu kwenye theluji, nao wanapogoa. Nilipomwambia kwamba Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi halafu tena Agosti au Septemba, aliweka mkasi chini akataka nieleze vizuri. Huku baridi ndiyo inayoulaza mzabibu. Kwetu ni wewe unayeuamsha kwa kupogoa. Nikamweleza pia habari za mapadri wa Kitaliano waliopanda zabibu Bihawana, huko kwetu Dodoma. Hakuwa na habari.

Yeye anapeleka zabibu kwenye kiwanda cha ushirika wao. Zinapimwa uzito na sukari mbele ya macho yake, na kiwango cha sukari kinaingia kwenye bei. Nilimkumbuka yule mnunuzi aliyekutajia bei zabibu zikiwa zimeshakatwa, na roho iliniuma.

Sasa nina ombi. Mavuno ya Machi usiuze yote. Tenga kilo 20 hivi za zabibu zetu za Makutupora nyekundu, zilizoiva sawasawa, umpe msindikaji unayemwamini akutengenezee mvinyo mkavu, yaani usio mtamu, asitie sukari. Zitatoka chupa kama 15. Gharama nitalipa mimi. Baba alilima zabibu mpaka alipofariki, na sijawahi kumwona amekaa mezani anakula nyama ya mbuzi na mvinyo wa shamba lake. Alikuwa anauza kila kitu kwa ajili ya ada zetu. Nataka tufanye hivyo sisi nitakapokuja likizo Agosti, tuwaite na majirani waliomsaidia kuchimba mashimo ya miche.

Mama asiwe na hofu. Ni glasi mbili, maji yako kando, na tulikaa mezani muda wa saa nne nzima tukila na kuzungumza. Mwambie na yeye nitamletea mafuta ya zeituni kwa ajili ya magoti yake, kama alivyoniagiza.

Pesa ya dawa ya mbuzi nimetuma jana kwa namba ya wifi. Bei ya Machi ikijulikana, niandikie.

Mdogo wako