Mhariri, hii memori mnayoandika ni ipi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nitoe dukuduku langu. Kwenye makala zenu za teknolojia neno memori limebebeshwa mzigo kuliko punda, mara ni RAM, mara ni diski, mara ni kile kikadi cha kuchomeka kwenye simu, halafu aya ya pili mnaandika kumbukumbu, msomaji anabaki anajiuliza hiki nacho ni kitu kingine ama ni kilekile.

Mimi yamenikuta. Kompyuta yangu kila nikifungua faili moja kubwa inaniambia memori haitoshi, nikamuuliza mtu anayejua, akasema wewe futa vitu, memori imejaa. Basi nikakesha nafuta picha na video, nikapata gigabaiti kama 40 za bure, asubuhi nafungua lile faili, ujumbe ni uleule! Kumbe iliyojaa ni RAM, pale programu zinapofanyia kazi na ukizima mashine panabaki patupu, mimi usiku kucha nilikuwa nafagia diski, lile ghala la kutunzia mafaili. Na yule wala hakunidanganya, maana diski ikijaa pomoni nayo inaleta shida, RAM ikibanwa mfumo huwa unaazima nafasi hukohuko kwenye diski, ila tatizo langu halikuwa hilo. Yeye na memori yake kichwani, mimi na yangu. Picha ndo zimeshaenda.

Hapo sijagusa ROM. Matangazo ya simu utaona RAM GB 4, ROM GB 64, na hiyo ROM ndo unajazia picha zako, wakati kirefu chake tangu zamani ni memori ya kusoma tu. Sasa kama ni ya kusoma tu hizo picha zimeingiaje jamani?

Vipimo navyo ni balaa tupu. Mwenye kiwanda cha diski akisema gigabaiti 500 anahesabu kwa elfu elfu, Windows inahesabu kwa 1024, kwa hiyo unaona 465 na unahisi umepigwa. IEC, lile shirika la kimataifa la viwango vya umeme na elektroniki, walishaleta jina la gibibaiti kwa hesabu ya 1024 tangu 1998 lakini nani analitamka? Kichekesho changu mimi ni ile flopi, diski laini ya zamani, ya megabaiti 1.44, megabaiti yake ni 1000 mara 1024, haiko huku wala kule. (Biti na baiti naziacha, mkiandika b ndogo ya biti badala ya kubwa ya baiti mmeshakosea mara nane.)

Siwaombi mtunge Kiswahili kipya, andikeni tu RAM pale mnapomaanisha RAM, na diski pale mnapomaanisha diski. Juzi mmeandika "punguza mzigo kwenye memori simu iwe nyepesi", basi toleo lijalo semeni ni memori ipi, maana kuna mtu saa hizi ameshaanza kufuta picha za harusi yake.

Ni mimi msomaji wenu.