Hebu mhesabie shemeji pumzi

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku Tanga. Tangu uliponiambia kwenye simu kwamba shemeji kaongezewa kidonge cha tatu cha presha na bado haishuki, sijatulia. Halafu ukasema anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta. Shoga, moyo ulinipiga paa, maana njia hiyo nimeipita mimi na baba watoto.

Nami nilidhani kukoroma ni usingizi mnono. Usiku mmoja nikakaa macho, simu mkononi, nikihesabu. Anakoroma, anakoroma, ghafla kimya. Kifua kinahangaika kuvuta, hewa haipiti. Sekunde 10, 15, 23. Mara akashtuka mwili mzima, akavuta pumzi kama mtu aliyeibuka majini, akageukia ukutani, akaanza upya. Asubuhi hakumbuki kitu, kichwa tu kinamgonga. Mchana alisinzia mezani, kijiko bado kimo mkononi.

Alipopimwa usiku kucha, pumzi ilikuwa ikikatika zaidi ya mara 40 kwa saa. Ni ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini, Kiingereza wanauita sleep apnea, na ikifika mara 30 tu kwa saa tayari ni mkali. Daktari akatueleza: koo linalegea na kujifunga, oksijeni inashuka kwenye damu, ubongo unashtuka, homoni za hofu zinamwagika, mishipa inabana. Presha ambayo kwa kawaida hushuka mtu akilala, kwake haipumziki. Homoni hizo hizo hulisukuma ini limwage sukari na kuidhoofisha insulini, ile homoni inayoshusha sukari. Nikaelewa kwa nini presha, sukari na moyo kwenda kombo vilikuwa vinamwandama kwa pamoja.

Akaandikiwa mashine ya CPAP. Inasukuma hewa kupitia mpira hadi kwenye barakoa ya puani, na koo linabaki wazi. Aliyeibuni ni daktari Colin Sullivan, huko Sydney, Australia, na habari zake zilichapishwa mwaka 1981. Wiki za mwanzo zilikuwa vita. Alikuwa akiivua usingizini bila kujua, nikiamka naikuta chini ya kitanda. Umeme ukikatika, anaamka anatweta. Tulibadilisha barakoa mara mbili ndipo tukapata isiyomchubua pua.

Sasa nikwambie ukweli, usije ukanilaumu. Mashine si dawa ya kila kitu. Presha kwa wastani huishusha pointi 2 au 3 hivi. Wenye presha sugu kama shemeji, na wanaoivaa usiku mzima, ndio hunufaika zaidi. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watu 2,717 waliokuwa tayari na maradhi ya moyo au waliowahi kupata kiharusi: mshtuko wa moyo na kiharusi havikupungua kwa waliopewa mashine kuliko kwa wenzao wasiopewa. Lakini waliivaa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku. Mimi nang'ang'ania hapo. Nusu usiku koo wazi, nusu usiku linajifunga, moyo utapumzika lini?

Kwenye sukari nako usitarajie makubwa, na uzito haupunguzi. Wengine huongezeka kidogo. Kwetu, chapati za asubuhi zilibidi zipungue, na jioni tunatembea hadi baharini na kurudi. Uzito ukishuka, na koo nalo hupata nafasi. Desemba 2024 Marekani iliidhinisha tirzepatide, sindano ya kupunguza uzito, kwa wanene wenye tatizo hili, ila hilo ni la kuzungumza na daktari, si la kununua kwa kusikia.

Baba watoto bado anameza vidonge vyake vyote. Presha ya asubuhi imeshuka kidogo tu, lakini hasinzii tena akiendesha gari, na mimi nalala.

Kwa hiyo leo usiku usilale mapema. Keti karibu naye, washa saa ya simu, akinyamaza hesabu, na umrekodi sauti. Rekodi hiyo mpelekee daktari wake kabla hajaandika kidonge cha nne, na umwombe kipimo cha usingizi. Shemeji akikataa kwenda, nipigie, nimpe mwenzangu simu waongee wenyewe.

Nisalimie mama na watoto.

Shoga yako wa siku zote