Ufunguo wa sanduku

Bwera, Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako zimefika, na ile habari ya kujitolea kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale nayo imefika. Baba yako alifurahi papo hapo. Mimi nilinyamaza, na najua ulinisikia nilivyonyamaza, maana uliuliza, "Mama, mtandao umekata?" Haukukata. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, na kwenye simu sikupaona. Ndiyo maana nakuandikia.

Unasema wanataka watu wa kujitolea siku za Jumamosi, wanaojua Kiswahili, wawatafsirie wagonjwa kliniki. Hapo unafaa kabisa. Nakivale inapokea wakimbizi tangu kabla ya uhuru wa Uganda wa 1962, na siku hizi wengi wao ni Wakongo, ndugu za hawa tunaouziana nao nyanya hapa mpakani Mpondwe. Mtoto wa mpakani kama wewe hawezi kukosa kazi huko. Lakini ukaongeza: "Nataka niwe kama wewe, Mama." Hapo ndipo ulimi uliponishinda.

Unakumbuka nilivyoingia VHT, timu ya afya ya kijiji? Watu walikaa chini ya mwembe, mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, akataja jina langu, mikono ikanyooshwa, nikapigiwa makofi. Niliporudi nyumbani nilikuwa nimeshakubali. Baba yako habari aliipata njiani, kwa mtu wa bodaboda. Ninyi watoto hamkuulizwa kabisa.

Kisha likaja lile sanduku: dawa ya malaria, ya nimonia, chumvichumvi za kuharisha na zinki, na ile saa ya kuhesabia pumzi. Mlango ukigongwa saa nane usiku, mimi nahesabu, wewe umeshika tochi. Mpaka leo naamini hujasahau: mtoto hajatimiza mwaka, pumzi 50 kwa dakika ni hatari, ametimiza, hata 40 zinatosha kukutia hofu. Watu waliniita musawo, yaani daktari. Mshika tochi hakuwa na jina.

Sasa niseme nililolikwepa miaka yote. Mwaka 2014, siku ile niliyoitwa mlimani kwa mama mwenye pacha, niliondoka na ufunguo wa sanduku shingoni. Nyuma yangu kitindamimba wetu akashikwa na homa, akaanza kutetemeka. Wewe ulikuwa na miaka 12. Dawa ilikuwa chini ya kitanda, hatua tatu kutoka alipolala, na ufunguo uko mlimani. Ukamfunga mgongoni, ukamfikisha kituo cha afya kwa miguu, mvua ikinyesha. Niliporudi usiku nilikukuta unakamua ile kanga. Hukulia, hukunilaumu. Uliniuliza, "Wale pacha wamepona?" Nikasema, wamepona. Ukasema, "Vizuri," ukaendelea kukamua.

Hiyo "vizuri" yako imenikaa kifuani kuliko tusi.

Na Juni 2019? Yule mtoto wa miaka 5 aliyevushwa kutoka Congo alipothibitishwa kuwa na Ebola, sisi tulipita nyumba kwa nyumba kueleza watu wasishikane mikono, wasioshe maiti wenyewe, waseme nani ana homa. Nikahamia kulala jikoni, tukawa tunasalimiana mimi niko uani, ninyi mko barazani. Nilidhani mzigo huo naubeba peke yangu. Kumbe bombani wanawake walikuwa wakisogeza jerikeni zao mbali na yako, na darasani, Senia 4, mwaka wa mtihani, aliyekaa nawe dawati moja aliomba kuhamishwa. Haya niliyasikia kwa kaka yako, tena miaka miwili baadaye. Kwako sikuyasikia kamwe.

Tunasema "kujitolea", kana kwamba mtu hutoa nafsi yake tu. Mimi nilijitoa, nikawatoa na ninyi, bila kuwauliza.

Sisemi kwamba najuta. Wale pacha wameshakuwa wakubwa, wananisalimia kwa kelele wakiwa upande wa pili wa barabara, na ningepanda tena mlima ule. Lakini ufunguo ningeuacha kwa baba yako, na ningekuwa nimemfundisha vipimo mapema, kanuni ziseme zitakavyosema.

Maana baba yako naye alikuwa na sehemu yake. Unajua alivyoanza kupika? Alichoka kula viazi vya jana. Hakugombana na mtu, alikwenda sokoni akanunua sufuria yake, akaanza na maharage. Wanaume wenzake walimcheka, wakamwita "bwana wa musawo". Yeye akawa anawakaribisha chakula, wakala, wakanyamaza. (Mchuzi wake bado una chumvi nyingi. Usimwambie.)

Basi, mama, wewe una mume na mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Mkwe wangu umemwambia, au naye atasikia kwa bodaboda? Yeye ni Muganda, amekulia kwenye bulungi bwansi, kazi ya jamii si ngeni kwake. Ila bulungi bwansi watu hutoka na majembe yao, wakasafisha kisima, wakarudi pamoja. Hii yako unaondoka peke yako alfajiri, na yeye ndiye atakayebaki ameshika mtoto. Kaeni chini wawili, mhesabu Jumamosi ngapi kwa mwezi. Mimi nasema mbili. Nauli uliza mapema nani anatoa, wala usione haya. Betri za tochi yangu zilitoka kwenye hela ya madaftari yenu, na hilo sikulisema kwenye mkutano wowote.

Na siku ukirudi umechoka, yale ya huko waeleze yanayoelezeka. Mimi nilikuwa nalala tu. Mlikuwa mnajua kwamba sipo, hamkujua nilikuwa naona nini.

Nimezungumza na mwenzangu wa VHT, atanishikia kijiji. Nitakuja kwenye Jumamosi yako ya kwanza, nikae na mjukuu wangu. Baba yako naye namleta, kwa sababu amekataa kubaki. Tutabeba chumvi ya Katwe na maharage debe nusu. Anasema umtafutie sufuria kubwa, na mkaa uwe mkavu.

Mama yako