Barua kwa mwanangu: siku ile uliyoboeka

Mwanangu mpenzi,

Jumapili ile umeme ulipokatika na simu yako ikazima, ulijilaza sakafuni, miguu ukaiegemeza ukutani, ukaniambia kwa sauti ya mtu aliyeonewa: "Mama, nimeboeka." Kazi za kukupa nilikuwa nazo. Simu yangu nayo ilikuwa na chaji. Nilinyamaza makusudi, na leo nataka nikueleze kwa nini, maana huenda ulidhani sikujali.

Kukaa bure kunauma, sikatai. Mwaka 2014 Timothy Wilson wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, na wenzake walichapisha utafiti wa ajabu. Waliwaacha watu chumbani, mmoja mmoja, kwa dakika 15, bila simu wala kitabu. Kulikuwa na kitufe tu cha kujipiga shoti ya umeme, shoti ambayo walishaionja na kusema wako radhi kulipa pesa wasipigwe tena. Wanaume 12 kati ya 18 walijipiga. Wanawake, 6 kati ya 24. Kwa hiyo mkono wako ukiikimbilia simu kabla hujajua unatafuta nini, usijione una kasoro.

Ila kuboeka kuna kilele, na ukikivuka mambo hubadilika. Nilipokuwa na umri wako nilivunjika mguu, nikalala wiki kadhaa na plasta. Siku za mwanzo nililia kwa kuchoka kukaa. Kisha nikamwona buibui kwenye pembe ya dirisha. Utando ukichanika, anaanza upya: kwanza nyuzi zinazotoka katikati kama miale, ndipo azunguke, azunguke, mguu wa nyuma ukipapasa kabla ya kuugandisha uzi. Nikaomba penseli. Michoro yangu yote unayoijua ilianzia pale. Angekuwapo mtu wa kunibembeleza kwa katuni wakati nalia, buibui yule nisingemwona kamwe.

Ndiyo sababu naiogopa simu: inakuwahi. Akili haijaanza kutangatanga, tayari imeshikwa mkono. Mwaka huohuo wa 2014, Sandi Mann na Rebekah Cadman wa Uingereza waliwapa watu kazi ya kunakili namba kutoka kitabu cha simu, kazi kavu kabisa, kisha wakawauliza vikombe viwili vya plastiki vinaweza kufanyiwa nini. Walitaja matumizi mengi kuliko wenzao ambao hawakunakili chochote. Akili iliyokosa cha kutafuna huanza kujipikia.

Lakini nisikilize vizuri hapa. Kama hata vitu unavyovipenda vimepoteza ladha, siku baada ya siku, na usingizi umekuruka, hiyo siiiti kuboeka. Njoo uniambie, hata iwe usiku wa manane. Siku hiyo sitanyamaza.

Jumapili sikuona dalili hizo. Ulilala vile karibu nusu saa, ukihema kwa nguvu ili nisikie. Halafu ukanyoosha mkono ukalivuta kopo la vifungo, ukavimwaga. Ukavipanga kwa rangi, ukavivuruga, ukavipanga kwa idadi ya matundu. Mara nikasikia vinazungumza. Vilikuwa na ukoo, na ugomvi wa harusi. Umeme uliporudi hukuinua hata kichwa.

Vifungo bado viko mezani, sijavigusa. Kile cheusi chenye matundu mawili, baba mkwe, nilikikuta chini ya kiti. Nimekirudisha kwa ndugu zake, mkabala na bibi harusi.

Mama yako